Mbona Hatukumbuki? Wanazuoni Wetu na Itikadi ya Roho Kuhamia Mwili Mwingine



Ndugu zetu wasomaji, mwanafunzi mmoja wa sekondari alitujia na swali lililomkaa kifuani. Darasani kwao wamo vijana wa Kihindu, na siku moja mazungumzo yakafika kwenye itikadi yao kwamba mtu akifa roho yake huzaliwa tena katika mwili mwingine. Kijana wetu akadhani ana jibu la kuwanyamazisha: kama uliwahi kuishi kabla, mbona hukumbuki? Mwenzake akamrudishia: na nyinyi mnasema mlitoa ahadi kwa Mungu kabla ya kuzaliwa, je, wewe unaikumbuka? Kijana akakosa la kusema.

Hatukumlaumu, kwani swali hilo hilo liliwashughulisha wanazuoni wakubwa kwa karne nyingi.

Itikadi hii kwa Kiarabu huitwa tanaasukh. Miongoni mwa Waislamu walioieleza kwa uadilifu ni Abu Rayhan Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973 (362 Hijria). Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na Al-Biruni akachukuliwa kwenda Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Kutoka huko alifika India, akajifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake kikubwa juu ya Wahindu. Anaeleza humo kwamba tanaasukh ndiyo alama ya dini yao, kama shahada ilivyo kwa Waislamu na Sabato kwa Mayahudi. Kwa maelezo yao, roho inahitaji kujua mambo mengi mno yasiyotosha umri mmoja, hivyo hupita mwili baada ya mwili mpaka elimu yake itimie. Pembeni yake akaweka maneno ya Wayunani, akiwemo Proclus, aliyeona kwamba roho ikiwa peke yake hujua na ikiungana na mwili husahau. Al-Biruni hakutukana wala hakukejeli. Alitaka Mwislamu anayezungumza na Mhindu ajue kwanza anazungumza na nani.

Na Wahindu wenyewe hawakulikwepa suala la kusahau. Katika Bhagavad Gita, Krishna anamweleza Arjuna kwamba wote wawili wamepita katika mazao mengi. Yeye anayajua yote, Arjuna hayajui. Basi anayewauliza "mbona hamkumbuki" hajawaletea jambo geni.

Ibn Sina (980–1037), aliyeandikiana barua na Al-Biruni juu ya mambo ya falsafa, aliijibu tanaasukh bila ya kutegemea kumbukumbu. Alisema mwili unapokuwa tayari tumboni hupata roho yake mwenyewe. Ikiwa na roho ya marehemu itaingia humo humo, mwili mmoja utakuwa na roho mbili; na kila mtu anajihisi ndani yake kuwa ni nafsi moja tu. Roho ya pili ambayo mwenyewe haihisi, wala haiuongozi mwili wake, ina uhusiano gani naye?

Ama lile la kijana wetu limo katika tafsiri ya Imamu Fakhruddin Ar-Razi, aliyefariki Herat mwaka 1210 (606 Hijria). Kwenye Suratul-A'raf, aya ya 172, Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) anaeleza kuwa aliwatoa wana wa Adam kutoka migongoni mwao, akawashuhudisha kuwa Yeye ndiye Mola wao, nao wakakiri. Wafasiri wengi waliichukua kwa dhahiri yake. Muutazila wakapinga. Wakasema watu wenye akili hawawezi wote kusahau jambo kubwa namna hiyo. Na mkisema tumesahau, basi mmewafungulia mlango watu wa tanaasukh, maana nao watasema tuliishi kabla tukasahau.

Ar-Razi hakuificha hoja hiyo. Aliiandika wazi, kisha akaandika na jibu lake. Kama tungaliishi katika miili mingine miaka na dahari, kwa kawaida ya mambo isingewezekana kusahau yote. Lakini ahadi ile ilichukuliwa kwa muda mfupi mno, na jambo la muda mfupi kusahaulika si ajabu.

Sisi tunaliona jibu hilo ni zuri, ila halimalizi kila kitu. Kila mmoja wetu amenyonya, pengine miaka miwili mizima, na hakuna anayekumbuka hata siku moja ya kunyonya. Hata hivyo hatuna shaka, kwa sababu mama yupo na anasema. Basi kusahau peke yake hakuthibitishi jambo wala hakulivunji. Kinachotazamwa ni nani aliyelishuhudia. Ahadi tumepewa habari yake na Aliyeichukua. Na Yeye huyo, katika Suratul-Mu'minuun, aya ya 99 na 100, ametueleza habari ya anayefikiwa na mauti, akaomba arudishwe duniani akatende mema, naye anakataliwa, na mbele yao ipo barzakh mpaka siku watakapofufuliwa.

Kijana wetu tulimwomba arudi kwa mwenzake, akiri kwamba swali lake la kwanza lilikuwa dhaifu, kisha amwulize lile la Ibn Sina. Bado hajatuletea majibu.