Kuvuta Makasia Nchi Kavu

Juni ya Njombe haina utani. Asubuhi ukungu unakaa juu ya paa za Mjimwema kama haujui kwingine pa kwenda, na watu wanapita barabarani wamevaa makoti mawili mawili. Nilirudi nyumbani wakati huo nikiwa na begi la nguo, kompyuta, na sura mbili za tasnifu ambazo msimamizi wangu alikuwa amezirudisha zimejaa wino mwekundu. Nilikuja kumtazama Baba na kuandika upya hizo sura. Mazoezi hayakuwa kwenye mpango.

Lakini nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kuna jimu ndogo ya chumba kimoja, na ndani yake, imesimamishwa ukutani na kujaa vumbi, nikaiona mashine ya kupiga makasia. Niliitambua kama mtu anavyomtambua mwenzake waliyesoma naye. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, Dar es Salaam, nilikuwa naivuta mashine ya aina hiyo siku nne kwa wiki. Mita 2,000 nilizimaliza kwa dakika 7 na sekunde 41, na namba hiyo niliiandika ndani ya jalada la daftari. Kisha Baba akapata kiharusi. Nauli zikawa za kwenda Njombe, muda ukawa wa hospitali, na mashine nikaiacha. Ilipita miaka minane.

Kwa asiyeijua: unakaa kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, unafunga miguu, unashika mpini wenye mnyororo. Unasukuma kwa miguu, unalala nyuma kidogo, kisha unamalizia kwa mikono. Mnyororo unazungusha gurudumu lenye mapanga yanayokata hewa, kwa hiyo kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyokuzidishia uzito. Mbele kuna kioo kidogo kinachokuonyesha umbali na muda. Hakijali ulikuwa nani zamani. Siku ile kiliniambia dakika 9 na sekunde 12, nikashuka na kukaa sakafuni kwa muda mrefu kuliko huo.

Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa historia na sikuwa na nguvu ya kufanya jingine, jioni ile nikaanza kujiuliza nani alikuwa wa kwanza kupiga makasia mahali pasipo na maji. Jibu moja la kale liko kwa Polybius, mwanahistoria Mgiriki. Anaeleza kwamba Warumi walipoingia vitani na Carthage hawakuwa na uzoefu wa vita vya baharini. Waliipata meli ya adui iliyokwama pwani, wakaiga umbo lake, na wakati mafundi wanaunda meli, wapiga makasia wakakalishwa kwenye mabenchi nchi kavu, kwa mpangilio ule ule wa melini. Wakafundishwa kuegemea nyuma na kurudi mbele pamoja, kwa sauti ya msimamizi. Mwaka 260 KK wakashinda pale Mylae, karibu na Sicily. Wahenga wetu wanasema usione vyaelea, vimeundwa. Wangeweza kuongeza kwamba hata wavutaji huundwa.

Karne nyingi baadaye zoezi hilo likawa la watu wenye nafasi. Titanic ilipoondoka Uingereza mwaka 1912, jimu yake ilikuwa na mashine ya kupiga makasia, yaani abiria aliyekuwa katikati ya bahari aliweza kupanda ngazi akavute makasia ya uongo. Mashine tunayoijua leo ni ya mwaka 1981. Ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia, walitumia gurudumu la baiskeli kuunda kifaa cha kufanyia mazoezi majira ya baridi, mito inapoganda. Njombe haigandishi mito, lakini asubuhi za Juni niliwaelewa vizuri.

Hapo ningeweza kuishia, na ingekuwa historia ya kifaa: mwaka, jina, mwaka, jina. Ila kuna jambo lilinikera. Mkoa wetu una ziwa. Njombe mjini tuko juu, kwenye viazi, chai na misonobari, lakini Wilaya ya Ludewa inateremka mpaka Ziwa Nyasa, na Baba alizaliwa kule Lupingu, ufukweni. Historia ya kupiga makasia katika ziwa hilo nilikuwa naijua kupitia mgeni. Septemba 1861 David Livingstone aliingia Ziwa Nyasa kwa mashua nyepesi ya makasia manne. Alikuwa na mdogo wake Charles, daktari John Kirk, na baharia mmoja, John Neil. Majina hayo manne nimeyaandika kwenye mitihani. Mashua yenyewe ilibebwa nchi kavu kupita maporomoko ya mto Shire, kwenye mabega ya watu, na watu hao tunaelezwa kwa jumla tu. Msafara ulifuata ufukwe wa magharibi na haukufika ncha ya kaskazini, kwa hiyo Lupingu hawakuiona. Lakini Lupingu ilikuwepo, na mitumbwi yake ilikuwa majini.

Si kila mara majina yalipotea. Henry Morton Stanley, ambaye kwa mengine sina la kumsifia, alipozunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice, aliyaandika majina ya mabaharia wake 11, watu wa msafara aliouanzisha Zanzibar. Wadi Safeni ndiye aliyeshika usukani. Leo naweza kulitamka jina la Safeni kwa sababu mtu alichukua dakika chache kuliandika.

Nilipofika kwenye wazo hilo ndipo aibu iliponishika. Kwa miaka miwili nimekaa kwenye nyaraka nikiwalaumu wakoloni kwa kutoandika majina. Na Baba, kabla ya kiharusi, kila likizo alikuwa akisimulia habari za ziwani: nani alikaa mbele, nani nyuma, usiku gani waliona taa za ng'ambo. Sikuandika hata mstari. Nilidhani masimulizi yale yangekuwepo siku zote, kama kiti chake sebuleni. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno mengi. Sasa huanza sentensi, akakwama, akapunga mkono wa kushoto kumaanisha basi, yaishe.

Wiki ya pili nilimchukua nikaenda naye jimu, kwa sababu hakutaka kubaki peke yake. Nikamweka kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, nikaanza kuvuta. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Mbona unakwenda kinyumenyume?"

Nikamwambia ndivyo makasia yanavyopigwa, Baba. Mpigaji hukaa ameipa mgongo njia, akatazama alikotoka.

"Sisi tulitazama mbele," akasema. Akatafuta neno, akalipata. "Kwetu anayetazama nyuma ni abiria."

Nilicheka mpaka nikaachia mpini. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto umetoka ndani ya blanketi. Ulikuwa unachota hewa, unavuta, unazungusha kidogo mwishoni. Nilikuwa nimesahau kabisa tofauti hiyo: kasia hufungwa kwenye mashua na anayelivuta hutazama nyuma, kafi hushikwa mikononi na anayelipiga hutazama aendako. Mtumbwi wa Nyasa ni wa kafi. Historia yangu yote ya mashine ilikuwa imeanza kwa chombo ambacho si cha kwetu.

Siku ile alisema maneno mengi kuliko wiki nzima iliyotangulia. Hayakuja kwa mpangilio. Usipa. Upepo wa mwera. Safari ya Manda na kaka yake, mawimbi yalipowazidi wakalala ufukweni bila moto. Aliposema majina ya watu watatu waliokuwa naye mtumbwini, nilishuka kwenye mashine nikayaandika nyuma ya risiti. Sitayataja hapa, maana sijaziomba ruhusa familia zao. Lakini yameandikwa.

Sitaki kudai kwamba mashine ilimponya. Kesho yake alinyamaza karibu siku nzima. Ila tuliendelea kwenda, na niliona kwamba mwendo wa mwili unaweza kufungua mlango ambao swali halifungui. Nikimuuliza nyumbani, "Baba, mlivuaje?" anakwama. Akiona mgongo unakwenda na kurudi, anakumbuka.

Kuhusu kurudi, nilikuwa nikimfikiria Kathleen Noble, aliyezaliwa na kukulia Uganda kwa wazazi wamisionari kutoka Ireland. Alikuwa muogeleaji, akajifunza makasia akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, akauacha mchezo kwa muda. Mwaka 2019 alirudi, akafuzu kwenye mashindano ya Afrika kule Tunis, akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, Tokyo. Zamani habari kama hiyo niliisoma kama habari ya ushindi. Sasa naisoma kwa swali lingine: siku ile ya kwanza, alipokaa tena kwenye kiti na mwili haukuitika, alijiambia nini?

Mimi nilijiambia nitaifuta miaka minane. Haifutiki. Mwisho wa Julai nilivuta mita 2,000 kwa dakika 8 na sekunde 34, na sidhani kama nitaiona tena 7:41. Daftari nimenunua jipya. Ukurasa wa kushoto naandika muda wangu, wa kulia maneno ya Baba, hata yasiyokamilika, na tarehe. Tasnifu imechelewa, na nimemwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya tatu itabadilika.

Siku ya mwisho kabla sijarudi chuoni, nikiwa katikati ya kuvuta na pumzi zimekwisha, Baba aliniuliza kutoka kwenye kiti chake cha plastiki:

"Umefika wapi?"

Nikatazama kioo. "Mita elfu moja mia mbili, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima anga.

"Lupingu bado," akasema. "Vuta."