Kabla ya Kuua Paka, Hesabu Panya

Leo naandika historia, lakini naanza na kitu nilichofanya mimi mwenyewe.

Mwaka jana, huku kwetu upande wa Koboko, paka walimaliza vifaranga vya mama mmoja jirani. Yule mama hana mshahara. Kuku wake ndiyo daftari na sabuni ya watoto. Basi sisi vijana tukachukua fimbo na mbwa, tukawinda siku mbili usiku. Tuliua paka sita, na mmoja nilimuua mimi. Watu walitusifu sana. Asubuhi tukasikia vitoto vya paka vinalia ndani ya nyasi za paa. Mama yao tulikuwa tumeshamtupa shimoni.

Baada ya mavuno, mama yule yule akatuita. Gunia lake la mahindi lilikuwa limetobolewa chini na panya. Akasema, "Wanangu, kuku mlinisaidia. Sasa mahindi nani atanisaidia?" Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya paka wale sita. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma.

Kumbe paka na binadamu waliunganishwa na panya. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walifuata nafaka, na paka-mwitu wakafuata panya. Kwenye kisiwa cha Cyprus wataalamu walifukua kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita: mtu amezikwa, na paka amezikwa karibu naye. Kwa hiyo paka ni mfanyakazi wa zamani wa ghala.

Sasa twende London, mwaka 1665. Tauni iliingia, watu wakafa maelfu kwa maelfu. Wakubwa wa mji wakatoa amri mbwa na paka wauawe, maana walidhani ndio wanaobeba ugonjwa. Mwandishi Daniel Defoe, kwenye kitabu chake cha 1722, anasema waliuawa mbwa 40,000 na paka mara tano ya hao. Hesabu hiyo inaweza kuwa ya kukuzwa, lakini amri ilikuwepo kweli. Wakati huo hakuna aliyejua tauni inatoka wapi. Ni mwaka 1894 tu ambapo Alexandre Yersin aligundua kimelea chake huko Hong Kong, na 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoihamisha. Watu wa London waliua kwa hofu, na wala panya wakawa hao hao waliouawa.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Tauni imekuwa hapa hapa West Nile, upande wa Vurra kule Arua na Zombo, na miaka ya 2000 watafiti wa Uganda na wa Marekani walikuwa na kituo Arua kwa ajili yake. Ng'ambo ya mpaka, Ituri wanaijua pia: wazee wa Mahagi na Djugu watakusimulia. Dalili yake moja ni panya kufa wengi ndani ya nyumba kabla watu hawajaanza kuugua. Ukiona hivyo, usiwashike kwa mkono. Mwite mhudumu wa afya.

Lakini pia nisimfanye paka kuwa malaika. Paka akila panya mwenye tauni, anaweza kuugua na kumwambukiza mtu. Na anaua ndege. Afrika Kusini ina kisiwa kinaitwa Marion, mbali baharini. Mwaka 1949 walipeleka paka watano wa kukamata panya wadogo kituoni. Kufika 1977 walikuwa wameshazaana mpaka kama 3,400, na kila mwaka walikula ndege wa baharini kwa malaki. Serikali ikaleta ugonjwa wa paka, halafu wawindaji wa usiku wenye bunduki, halafu mitego na sumu. Mwaka 1991 paka wakaisha. Ndege wengi wakapona. Lakini wale panya walibaki, wakaongezeka, na leo wanawatafuna ndege wakubwa wakiwa hai kwenye viota.

Mimi sisemi Marion walikosea. Pale ndege wangekwisha kabisa. Ila walihesabu, walipanga, na bado kazi haikuisha. Sisi tulihesabu nini usiku ule? Hatukujua paka wa nani, hatukujua yupi mla vifaranga, hatukujua yupi ananyonyesha. Tulikuwa na hasira na fimbo tu.

Hawa paka hawakujileta. Wengine waliachwa na watu waliohama, wengine wanazaliwa kwa sababu tunamwaga mabaki ovyo. Tukiwaua bila kubadilisha hilo, wengine watakuja. Mji wa Lamu, Kenya, una paka wengi sana, na kule madaktari wa mifugo wanawafunga uzazi na kuwarudisha mtaani. Kwetu daktari wa mifugo ni nadra. Basi nyinyi wafanyakazi wa mashirika, siku chanjo ya mbwa inapoletwa, tusaidieni kuuliza na habari ya paka.

Na sisi tunaweza kuanza na kidogo: vifaranga walale ndani ya tenga lenye kifuniko, magunia yakae juu ya mbao, mabaki yafukiwe. Sumu tuache kabisa, maana haichagui paka, mbwa wala mtoto.

Yule mama tulimsukia tenga. Ni kazi ya nusu siku. Tungeanza na hiyo, wale sita labda wangekuwa wazima, na mimi nisingekuwa naandika haya. Wewe kwenu mnafanyaje? Tuambizane.