Nani Kasema Amelewa?

Mvua zikianza Iringa, machipukizi ya mianzi hukatwa vichwa na mbeta hutegwa kukinga utomvu uitwao ulanzi. Asubuhi unachuruzika mtamu, hata mtoto anaweza kuonja. Jioni, ulanzi ule ule unamlaza mtu mzima kando ya njia. Muuzaji hajui kilevi chake kina asilimia ngapi, mnywaji hajali, na kwa miaka mingi hata hakimu hakuwa na haja ya kujua.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuja na sheria zao. Kuanzia tarehe 22 Julai 1920 mahakama za hapa zilitakiwa kufuata misingi ya sheria ya Kiingereza, na katika msingi huo kosa la dereva mlevi halikuwa kunywa. Kosa lilikuwa kulewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Sasa hilo linathibitishwaje? Askari alieleza harufu, macho mekundu, ulimi mzito, miguu inayopishana. Daktari alimtembeza mshitakiwa juu ya mstari, akampima mboni za macho, akaandika maoni yake. Wakili naye alikuwa na majibu tele: mteja wangu hajalala siku mbili, macho ni ya vumbi, mguu una kidonda cha zamani. Mwaka 1962 mahakama moja ya rufaa Uingereza, katika shauri la Davies, iliweka mpaka: shahidi asiye mtaalamu anaweza kusema aliona mtu amekunywa pombe, mradi aeleze alichokiona, lakini hawezi kutamka kwamba mtu huyo hakufaa kuendesha. Mpaka huo ni mwembamba kama uzi, na mawakili wanapenda uzi wa namna hiyo.

Kisha barabara ikabadilika. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikalazimika kutafuta bahari upande wetu. Mapipa ya mafuta na marobota ya shaba yakaanza kupishana kwa malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, juu ya udongo uliokuwa tope masika na vumbi kiangazi. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Anayejua kona za Kitonga, hata leo zikiwa na lami, hatawalaumu. Lami ilipofika nyanda za juu, mwendo uliongezeka, na kati ya Iringa na Mbeya kuna zaidi ya kilomita 300 zenye vilabu vya pombe kila kituo.

Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ilikuja katika hali hiyo. Kosa la zamani la kushindwa kulimudu gari lilibaki, ila pembeni yake likawekwa kosa la namba: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Dereva wa gari la biashara yeye anatakiwa awe na sifuri. Kwa mara ya kwanza ulanzi ulipata kipimo, ingawa ni baada ya kuingia mwilini.

Namba hiyo ya 80 ilitoka Uingereza, ambako kipima ulevi kilianza kazi barabarani tarehe 9 Oktoba 1967. Mawakili wa kule hawakubishana na namba. Walibishana na njia iliyoileta. Katika shauri la Scott na Baker, dereva aliponyoka kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba kifaa alichopuliza kilikuwa kimeidhinishwa na waziri. Wengi walicheka. Mimi sioni cha kuchekesha: dola ikiruhusiwa kuchukua pumzi na damu ya mtu, basi nayo ifuate kila hatua iliyoandikiwa.

Damu hasa ndiyo yenye safari ndefu. Ichukuliwe Mafinga, chupa ifungwe, ibandikwe jina, ikabidhiwe askari, isafiri mpaka maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ipokelewe na kusainiwa. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, iliyokuwa ya unyang'anyi wala si ya ulevi, Mahakama ya Rufani ilitaka mnyororo wa kielelezo uonekane kwenye maandishi tangu kilipokamatwa hadi kilipoletwa mahakamani. Chupa ya damu isiyojulikana ililala wapi Jumamosi na Jumapili inaingia katika swali hilo hilo.

Majirani zetu Kenya walikwama kwingine. Kanuni zao za 2011 ziliweka kikomo cha maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, na mwishoni mwa 2013 msako wa usiku ukaanza. Mlalamikaji mmoja alishindwa Mahakama Kuu, akaenda Mahakama ya Rufaa, na Aprili 2017 akasikilizwa: sheria mama ilikuwa inaadhibu kushindwa kulimudu gari, hivyo kanuni haiwezi kuzaa kosa jipya la kuzidisha kipimo. Kwetu kosa la kipimo limo ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo mlango huo wakili wa Mbeya hawezi kuupitia.

Mlango mpana zaidi uko kizimbani, na wengi huupita bila kuuona. Dereva anasomewa shitaka, gari limezuiwa, tajiri anapiga simu, na dereva anasema haraka, "Ni kweli mheshimiwa, nilikunywa." Shauri limekwisha, au linaonekana limekwisha. Lakini mwaka ule ule wa 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, ilieleza jinsi ukiri unavyopokelewa: shitaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, kila kiungo cha kosa kielezwe, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha mwendesha mashtaka ataje mambo yalivyotokea na mshitakiwa aulizwe kama anakubali. Akisema "nilikunywa lakini sikulewa," hajakiri kosa la kushindwa kulimudu gari, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Asiposema hivyo, ukiri wake ukawa kamili, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamwachia rufaa ya adhabu tu.