Paka Wazee na Ua wa Kadhi

Hapa Buruburu paka akizeeka wengine humtia guniani wakamwacha sokoni. Cairo ya zamani walikuwa na njia nyingine. Sultan Baybars, aliyetawala Misri toka 1260 hadi 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake iwe wakfu wa paka wasio na mwenyewe. Bustani nzima, paka tu! Baadaye iliuzwa, lakini Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo miaka ya 1830, aliona kila alasiri paka wakiletewa chakula kwenye ua wa Kadhi. Aliyechoka na paka wake alimpeleka pale, si jalalani.

Kadhi wetu wa Nairobi ana kesi za talaka na mirathi za kumtosha, tusimwongezee paka. Basi mzee wako abaki nyumbani. Meno yakiisha, mlainishie samaki. Panadol usimpe kabisa, humuua. Maji yawe karibu, maana figo zikichoka hunywa sana. Swahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akanywa, huku mkwewe Kabsha akimtazama kwa mshangao.