Diski ya Shangazi na Wafu wa Mtaa Wetu

Skrini ilikuwa ya buluu, maandishi meupe, na ilinipa sekunde kumi: bonyeza kitufe chochote kama hutaki diski ikaguliwe. Sikubonyeza. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nikasema moyoni, afadhali, mashine ijikague na ijitengeneze yenyewe. Dakika chache baadaye ikaanza kuandika kwamba inafuta hiki, inafuta kile, mstari juu ya mstari, na mimi bado nakunywa chai.

Kompyuta yenyewe ni ya shangazi yangu. Pentium 4, Windows XP, diski ya gigabaiti 40, na kasha lililokuwa jeupe zamani ila sasa lina rangi ya meno ya mvutaji sigara. Aliinunua mtumba mwaka 2004, akafungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Jericho, Eastlands. Alichapa CV, barua za kuomba kazi, makubaliano ya kuuziana ploti, kadi za harambee. Lakini kazi iliyolipa kodi ya nyumba ilikuwa matanga. Mtu akifariki, jioni familia ilifika na picha moja ya pasipoti, ikaketi kwenye benchi, na shangazi akaanza maswali. Alizaliwa wapi? Alikuja Nairobi lini, na alifikia kwa nani? Aliajiriwa wapi kwanza? Watoto ni wangapi, na wale wa nje tunawaweka ama hatuwaweki?

Hilo swali la mwisho lilileta vita pale kwenye benchi, si mara moja.

Majibu yaliingia kwenye folda aliyoiita MATANGA. Fikiria ni nini hiyo. Makarani wa reli, mayaya, makondakta, wauza mboga, watu ambao hakuna gazeti lililowahi kuwaandika, na kila mmoja ana kurasa mbili za maisha yake, zilizochapwa na mtu aliyejua kuuliza. Nakala za karatasi ziligawiwa mazishini, na si unajua zinakoishia: kwenye droo, halafu kwenye mvua, halafu kufungia mandazi. Nakala nyingine ilikuwa kwenye hiyo diski peke yake. Diski za kubeba za wakati huo zilimeza megabaiti 1.44 tu, na nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo nani angepandisha mafaili ya wafu wa Jericho kwenye intaneti ya kulipia kwa dakika?

Shangazi alifunga kibanda mwaka 2015, kompyuta ikawekwa chini ya kitanda. Mwaka jana jirani yetu akaja kuuliza kama wasifu wa marehemu mamake bado upo. Walikuwa wanapanga ibada ya kumbukumbu, na hakuna aliyekumbuka mwaka ambao bibi huyo aliingia Nairobi. Ndiyo maana nikaivuta mashine, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha. Ikatoa sauti ya tik, tik, tik. Nikaizima, nikaiwasha tena. Mara tano au sita hivi. Mara ya mwisho ndipo ikaja ile skrini ya buluu.

Ukaguzi ulipoisha, kompyuta iliwaka vizuri kabisa, hata haraka kuliko mwanzo. Nikafungua MATANGA. Mafaili 214. Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema yalikuwa zaidi ya mia sita.

Fundi niliyempelekea ana kibanda Luthuli Avenue, upana wake kama kitanda. Hakugusa bisibisi kwanza. Aliniuliza nimeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia, na nilipomjibu akafumba macho kidogo. "Bosi, hiyo kitu ilikuwa inakufa na wewe ukaipa kazi ya kufagia nyumba."

Alichonieleza baadaye ndicho kilichonifanya nianze kusoma. Makosa ya diski ni ya aina mbili, na sisi tunayaita kwa jina moja. Kuna kosa la mwili: kipande kidogo cha sahani, kinachoitwa sekta, kimechakaa na hakisomeki. Halafu kuna kosa la daftari. Diski ina orodha inayosema faili gani iko wapi, na stima ikipotea katikati ya kuandika, orodha na vitu havilingani tena. Ile programu ya Windows, chkdsk, ilitengenezwa kwa ajili ya daftari. Kazi yake ni kuhakikisha orodha haisemi uongo. Ikikuta jina la faili lakini haiwezi kusoma habari zake, inafuta jina. Ikikuta vipande visivyo na jina, inavitupa kwenye folda ya pembeni, FOUND.000, vikiitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Kwa diski nzima iliyokatiwa stima tu, hiyo ni sawa kabisa. Kwa diski ambayo mwili wenyewe unaoza, daftari linasafishwa kwa kufuta majina ya watu ambao bado wamo ndani.

Sasa, diski zilianzaje? Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine ya RAMAC, ambayo diski yake, modeli 350, ilibuniwa San Jose, California, na kikundi kilichoongozwa na Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito kupita tani moja, na yote hayo kwa herufi milioni tano. Wimbo mmoja wa simu yako. Lakini ilileta jambo jipya: kabla yake ukitaka rekodi moja iliyo katikati ya utepe, ulipitia yote iliyotangulia. Kwenye diski kichwa cha kusomea kiliruka moja kwa moja hadi pale unapotaka.

Mwezi uliofuata, huku kwetu, Dedan Kimathi alikamatwa Nyeri. Serikali iliyomkamata iliweka kumbukumbu zake kwenye karatasi, na ilipokuwa ikijiandaa kuondoka ilichagua zipi zichomwe na zipi zisafirishwe Uingereza. Zile zilizosafirishwa zilikaa kimya hadi 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London na ikabidi serikali ya huko ikiri kwamba inazo, Hanslope Park. Nataja hilo kwa kupita tu. Daftari safi lisilo na majina fulani tumeliona kabla ya kompyuta.

Turudi kwenye diski. Mwaka 1973 IBM walitoa ile ya 3340, iliyopewa jina la utani Winchester, ambapo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja kwenye sanduku lisiloingia vumbi. Hata leo kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na sahani inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mwaka 1980 Seagate wakatoa ST-506, megabaiti tano kwenye kitu unachoweza kubeba kwa mkono mmoja, na mwaka 1983 IBM wakaanza kuuza kompyuta ya mezani, PC XT, ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani.

Kuna kitu kimoja cha miaka hiyo kilichonishangaza. Diski za aina hiyo zilitoka kiwandani na karatasi iliyobandikwa juu, na kwenye karatasi kuna orodha ya sehemu mbovu. Mpya kabisa, haijatumika hata siku moja, na tayari imeandikwa: hapa na hapa usiweke kitu. Anayeitayarisha aliketi akachapa zile namba kwenye kompyuta, moja moja. Hakuna sahani isiyo na kasoro, na kiwanda hakikujifanya.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ubao unaoongoza diski ulihamishiwa kwenye diski yenyewe, na ile karatasi ikatoweka. Kasoro hazikuisha. Diski ilianza kuzitunza kimyakimya, ikiwa na sekta za akiba: hii ikiharibika, data inaelekezwa kule, na mwenye kompyuta hajui lolote. Katikati ya miaka ya 1990 wakaongeza SMART, ambayo ni diski kujipima na kutoa onyo. Inasaidia, ila usilale. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu ya zile zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote katika vipimo vinne vikuu vya onyo. Mimi kwa maoni yangu tulipoteza kitu ile karatasi ilipoondolewa. Shangazi aliamini diski yake ni nzima kwa sababu haikuwahi kumwambia vingine.

Fundi alifanya kinyume cha nilichofanya. Alichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake ya Linux, na hakurekebisha chochote. Alikopi kwanza. Programu aliyotumia, ddrescue, ni ya bure, na ina adabu fulani: inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zile ngumu inaziruka na kuziandika kwenye kumbukumbu yake, halafu inarudi kuzijaribu mwishoni, ili diski ikifa njiani uwe umeshaokoa kilicho rahisi. Ilichukua usiku mzima. Asubuhi tulikuwa na nakala, ikikosa megabaiti chache tu, na ile diski haikuwashwa tena.

Kazi ya kutafuta ilifanywa kwenye nakala. Programu ya pili, PhotoRec, haijali daftari hata kidogo. Inatembea kwenye data yote ikitafuta mianzo inayotambulika. Kila faili la Word la zamani linaanza na namba zilezile, D0 CF 11 E0. Ikiziona, inajua hapa kuna waraka, inauchukua. Jina halipatikani. Tulirudi nyumbani na nyaraka 1,900 na ushei, zote zikiitwa f na namba ndefu, CV zimechanganyika na barua za chifu na wafu.

Jumamosi baada ya Jumamosi mimi na shangazi tuliketi tukifungua moja moja. Yeye anasoma mistari miwili na kusema, "Huyu ni yule wa ploti ya kona, weka," au "Hii ni barua ya kudai deni, tupa." Nyaraka fupi, za familia ambazo hazikuwa na pesa ya picha ya rangi, zilitoka nzima. Zile zenye picha zilikuwa nzito, na kwa kuwa diski ilikuwa imekaribia kujaa, zilikatwa vipande na kuwekwa huku na huku, na PhotoRec haina njia ya kujua kipande cha pili kiko wapi. Kwa hivyo wasifu wa mwenye duka la jumla ni vumbi, na wa mwanamke aliyemfulia nguo tunao wote.

Hadi sasa tumepata wasifu 371, ukiacha zile 214.

Wa mamake jirani ulikuwa na picha. Word ilikataa kuufungua, fundi akatoa maandishi peke yake, na yaliishia ukurasa wa kwanza: kuzaliwa, shule ya misheni, ndoa, kisha garimoshi hadi Nairobi mwaka 1961, kufikia kwa binamu Kaloleni, na baada ya hapo alama za kuuliza na visanduku vitupu. Jirani alipoona ule mwaka alikaa chini. Shangazi akamuuliza kama ana haraka. Hakuwa nayo. Nikafungua waraka mpya, shangazi akavuta kiti karibu na kibodi na kuanza kumuuliza: baada ya kwa binamu, mama alipata kazi wapi?