Nzaui, Mulango na Mungu Aliyetangulia

Disemba 2025 ilitimia miaka 130 tangu Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipopiga kambi Nzaui, katika Makueni ya leo. Na hata mwaka haujatimia, homa ikamuua Scott. Kabla yao mmisionari Krapf alikwisha fika Kitui, mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, mkuu wa Wakamba. Na huko Mulango, Kitui, Walutheri wa Leipzig walijenga misheni ambayo, kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipita mikononi mwa Africa Inland Mission.

Wageni wote hao waliwakuta Wakamba wana ibada yao. Katika ithembo, kichaka kitakatifu ambacho miti yake hapana aliyethubutu kuikata, wazee walitoa kafara ya mbuzi, maziwa na pombe, wakiomba mvua kwa Mulungu na kwa aimu, roho za jamaa waliotangulia.

Ibada hiyo haikupata mtetezi mwenye ari kuliko John Mbiti, mzaliwa wa Mulango mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni wa Cambridge, ambaye katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy, alishikilia kwamba dini imeenea katika kila jambo la maisha ya Mwafrika, na ambaye hakuchoka kunena kwamba si wamisionari waliomleta Mungu Afrika, bali Mungu ndiye aliyewaleta wao. Hapo ugomvi ukawaka. Mwaka 1970 Okot p'Bitek, malenga wa Uganda, aliwashutumu Mbiti na wasomi wenziwe kwamba wamewavika miungu ya Kiafrika kanzu za Kiyunani ili wapate staha mbele ya Wazungu. Shutuma hiyo ina uzito, na kila asomaye theolojia yetu yafaa aikabili; lakini ni dhuluma kumwita Mbiti mgeni katika itikadi za kwao, ilhali mwaka 1966 alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi za Wakamba alizozikusanya mwenyewe.

Okot alifariki 1982. Mbiti aliishi hata akatoa, mwaka 2014, Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kiyunani kwa Kikamba, akafariki 2019, mwaka ule ule ambao katika sensa Wakenya zaidi ya 750,000 walisema hawana dini.

Makaya ya Mijikenda, misitu mitakatifu ya pwani, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na ni haki yao. Mathembo ya Ukambani hayajapata heshima hiyo, wala sioni udhuru wa serikali za Kitui na Makueni kutoyaandika yote, moja moja, wakati wazee wayajuao wangali hai.