Skii za Akina Mama: Kipimo Kilichochukuliwa kwa Mwanamume

Sisi tulioishi ughaibuni miaka mingi tumejifunza mengi ya baridi: kuvaa nguo juu ya nguo, kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, kutembea kama bata ili tusianguke. Lakini mchezo wa kuteleza milimani kwa skii wengi wetu tumewaachia wenyeji. Watoto wetu hawakukubali kuuacha. Shule huwapeleka milimani, vyuo vina vilabu vyake, na huko Dubai tangu mwaka 2005 upo mteremko wa theluji wa mita 400 ndani ya jengo la maduka, hali nje jua linaunguza. Binti anaporudi nyumbani akisema anataka skii zake mwenyewe, mzazi hujikuta dukani mbele ya ukuta mzima wa skii zilizopakwa rangi za kila namna. Bei zinamtoa jasho, na muuzaji anamwambia, "Hizi hapa ni za wanawake."

Za wanawake kwa vipi? Swali hilo lina historia ndefu, na ndiyo tunayotaka kuieleza katika kurasa hizi. Anayeijua hatauziwa rangi kwa bei ya chombo.

ASILI YAKE

Chombo hiki ni cha kale kuliko piramidi za Giza. Mwaka 1924 ilifukuliwa skii katika kinamasi cha Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, ambayo wataalamu wameikadiria kuwa na umri wa miaka 5,200 hivi. Tena katika ngano za kale za watu wa kaskazini, anayetajwa kwa kuteleza milimani na upinde wake akiwinda ni mwanamke, jina lake Skade. Kwa hiyo wale waliokuja kusema baadaye kwamba mchezo huu ni wa wanaume walikuwa wamesahau ngano za bibi zao.

Skii tunayoijua leo inaanza na Sondre Norheim, Mnorwei maskini aliyezaliwa mwaka 1825 katika kijiji cha Morgedal, wilaya ya Telemark. Norheim alichonga skii zake zikawa pana mbele na nyuma, na nyembamba katikati. Kwa maneno mengine, aliipa skii kiuno. Kisha akakifunga kisigino kwa fito zilizosokotwa ili mguu usichopoke. Mwaka 1868 aliteleza mpaka mji mkuu, Christiania, ambao leo unaitwa Oslo, na akawashinda vijana wa mjini akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1884 alihamia Marekani kutafuta maisha, na akafariki mwaka 1897 huko North Dakota, nchi tambarare isiyo na mlima. Mhamiaji mwenzetu huyo.

Kiuno kile kinafanya kazi gani? Skii ikilazwa ubavu na kukandamizwa katikati, hupinda mfano wa upinde, na makali yake huchora theluji kwa sehemu ya duara. Kiuno kikiwa chembamba zaidi kuliko pua na mkia, duara huwa dogo, na kona huwa kali. Mtelezaji akijua kuilaza vizuri, skii yenyewe ndiyo humgeuza. Tuliweke akilini jambo hilo, maana kila kitu kinachofuata kinatokana nalo.

MHANDISI WA NDEGE

Kwa miaka mingi skii ziliendelea kuwa za mbao tupu. Zilikuwa nzito, zikinyonya maji na kujikunja kama mlango wa msimu wa masika. Aliyezibadilisha ni Mmarekani Howard Head, mhandisi wa kiwanda cha ndege cha Baltimore. Alikwenda kuteleza Vermont mwaka 1947, akashangaa kuona watu wa zama za ndege bado wanatumia gogo lililochongwa. Akabandika mabamba mawili ya alumini juu na chini ya plaiwudi, kama sandwichi, kwa ujuzi uleule wa kutengeneza mwili wa ndege. Walimu wa mlimani walizivunja skii zake moja baada ya nyingine, naye akarudi karakanani kila mara, mpaka mwaka 1950 akapata iliyodumu.

Watu wenye misuli walizicheka skii zake wakiziita za kudanganyia, kwa sababu ziligeuka kwa wepesi. Lakini wepesi ule ndio uliowafungulia mlima watu wa kawaida, na akina mama wengi miongoni mwao.

WANAWAKE HAWAKUSUBIRI

Isidhaniwe kwamba wakati huo wanawake walikuwa wamekaa wakiota moto. Klabu ya wanawake ya skii iliundwa Mürren, Uswisi, mwaka 1923. Mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteleza milimani yalifanyika hapo hapo mwaka 1931, na Mwingereza Esmé Mackinnon alishinda mbio zote mbili za wanawake. Mwaka 1936 mbio za mlimani ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Mjerumani Christl Cranz akatwaa dhahabu. Mwaka 1948 Gretchen Fraser aliipatia Marekani dhahabu yake ya kwanza ya skii, kabla ya mwanamume yeyote wa nchi hiyo.

Hata hivyo vikwazo havikuisha. Hadi mwaka 2005 rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, Gian Franco Kasper, alikuwa akisema hadharani kwamba kuruka kwa skii huenda hakuwafai wanawake kitabibu. Wanawake waliruka katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2014, huko Sochi.

Ikiwa mwanamke alizuiwa kwa maneno pale juu, huku chini alizuiwa na chombo chenyewe.

KIPIMO CHA MKONO

Kanuni ya zamani ya kuchagua skii ilikuwa hii: simama wima, nyoosha mkono juu, skii ifike kwenye kifundo cha mkono. Kwa mwanamke wa sentimita 165 kanuni hiyo ilitoa skii ya karibu mita mbili. Uzito wake haukuulizwa.

Sisi tuliosomea uhandisi tunaiona skii kama boriti. Waliokulia nyumba za mawe za pwani wanajua: boriti ya mkoko ikiwekwa kati ya kuta mbili, hupinda kwa kadiri ya mzigo ulio juu yake. Mzigo wa skii ni mwili wa mtu. Skii ambayo mwanamume wa kilo 85 anaipinda kwa urahisi, mwanamke wa kilo 60 anaweza kushindwa kuipinda, nayo isipopinda haigeuki. Kuna na jambo la unene: ugumu wa boriti huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ukiongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unaongezeka kwa asilimia 33. Tofauti ndogo ambayo jicho haliioni, goti linaiona.

Kwa miongo mingi akina mama waliambiwa kwamba hawana nguvu, hawana ujasiri, hawana mbinu. Kumbe wengi wao walikuwa wamepewa boriti ya nyumba nyingine.

Viwanda vilipoamua kuwajali, vilichukua njia ya mkato. Vilichukua skii ya mwanamume, vikaifupisha, vikailainisha kama mlenda, vikaipaka maua, vikaiandika ya kike. Ilimfaa mwanafunzi wa siku tatu. Mwanamke aliyejua kuteleza ilimtupa, kwani katika mwendo wa kasi ilitetemeka.

Mmoja wa waliopiga kelele ni Jeannie Thoren, mtelezaji kutoka Minnesota, jimbo ambalo leo wamo watu wengi wa Afrika Mashariki. Thoren alisema kwamba umbo la mwanamke, nyonga zake na kitovu cha uzito wake kilicho chini kidogo, humfanya aegemee nyuma ya skii. Basi kibano cha buti kisogezwe mbele kidogo, na kisigino kiinuliwe. Alizunguka na jumbe hilo miaka mingi, akiwafungia wanawake skii upya na kuwaacha wajionee wenyewe. Wahenga wetu wa baharini walisema: nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata kwenye skii, habari yote iko pale katikati unaposimama.

KIUNO KINARUDI

Mapinduzi makubwa yalitoka nchi ndogo. Kiwanda cha Elan cha Begunje, Slovenia, kilikuwa na wahandisi wawili, Jurij Franko na Pavel Škofic. Wakati skii za kawaida zilikuwa na bonde la kiuno la milimita saba hivi, wao walilichimba likazidi milimita 20. Skii hiyo, iliyoitwa SCX, ilitoka mwaka 1993, na wazo la Norheim likarudi kwa nguvu. Katika muda wa miaka michache skii ndefu zilizonyooka zikawa za kutundikwa ukutani. Urefu ulishuka kutoka kifundo cha mkono hadi kidevuni au kwenye paji la uso. Kwa akina mama huo ulikuwa ukombozi.

Upande wa theluji laini nako kulikuwa na mageuzi. Mwaka 1988 kiwanda cha Atomic cha Austria kilitoa skii pana ya Rupert Huber, iliyoelea pale ambapo nyembamba zilizama. Mwaka 2002 ikaja skii ya Shane McConkey, iliyoinuka pua na mkia kama mtumbwi. Wengine walimcheka, kisha viwanda vyote vikamfuata.

Ukichanganya kiuno cha Waslovenia, upana wa Huber na pua iliyoinuka ya McConkey, kila kimoja kwa kiasi, unapata skii za mlima mzima. Zinakwenda asubuhi kwenye njia iliyosawazishwa, mchana kwenye matuta, jioni kwenye theluji iliyochafuka. Ndizo zinazomfaa mtu mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, yaani wengi wetu.

Kuanzia miaka ya 2000 baadhi ya viwanda vilianza kuwashirikisha wanawake tangu kuchora hadi kujaribu. Blizzard ya Austria ilitoa Black Pearl, lulu nyeusi, ambayo ya kiuno cha milimita 88 ilipata wanunuzi wengi mno Marekani. Mbao za moyo wake, nzito na nyepesi, zilikuja kupangwa upya kwa kila urefu, ili skii fupi isiwe ngumu kupita kiasi kwa mtu mdogo. Huo ndio uhandisi tuliokuwa tukiudai.

Na mwaka 2014 Jen Gurecki alianzisha huko milima ya Sierra Nevada kampuni ya skii ya wanawake, Coalition Snow, iliyokataa habari ya kulainisha. Huenda wasomaji wetu wa Kenya wanamjua kwa jambo lingine: ndiye aliyeanzisha Zawadisha, mfuko wa kuwakopesha wanawake wa vijijini nchini humo matangi ya maji na taa za sola. Milima miwili, hoja moja: mwulize mwanamke anachohitaji kabla ya kumtengenezea.

KUCHAGUA

Sasa tuje dukani. Maoni yetu ni kwamba neno "ya wanawake" lisikutishe wala lisikushawishi. Uliza mambo manne.

Kwanza kiuno. Kama binti anateleza kwenye theluji ngumu, mfano Vermont, milimita 80 hadi 90 zinatosha. Kwenye theluji nyingi ya milima ya magharibi, 90 hadi 100. Zaidi ya hapo ni skii ya theluji laini, itamchosha magoti kwenye barafu.

Pili urefu. Anayejifunza ifike kidevuni; anayejua, kati ya pua na paji la uso. Hapa safu za wanawake zina faida ya kweli, kwani huanzia urefu mfupi ambao safu za wanaume mara nyingi hazina.

Tatu kilichomo ndani. Mbao nyepesi humpa wepesi. Bamba la Titanal hutuliza mtetemo kwa mwenye kasi. Msidanganyike na jina: Titanal ni aina ya alumini, wala si titani.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, kibano. Mwaka 1939 Hjalmar Hvam, Mnorwei wa Portland aliyewahi kuvunjika mguu, alitoa kibano cha kwanza kinachoachia buti mtu anapoanguka. Vibano vya kisasa vimepunguza sana kuvunjika kwa mifupa ya mguu, lakini havijaweza kulinda vivyo hivyo kano za ndani ya goti, ambazo wanawake huziumiza zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo kibano kipimwe na fundi kwa uzito, urefu, umri, ujuzi na soli ya buti, kila msimu. Skii za kuazima kwa kaka mtu, kibano kikiwa kimekazwa kwa kilo za kaka, ni hatari. Fedha mtakazookoa kwa rangi ya mwaka jana zipelekeni kwenye buti zinazobana vizuri na kwa fundi huyo.

Wapo watakaosema mambo haya si yetu. Lakini hata Kilimanjaro imewahi kuonja skii, Walter Furtwängler na Siegfried König walipozipandisha huko mwaka 1912. Na mwaka 2018, katika Olimpiki ya PyeongChang, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo ya majira ya baridi alikuwa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria. Mtoto wa pwani yetu, kwenye mteremko wa barafu, kwa kasi ambayo sisi wazee tungefumba macho.

Wasomaji ambao mabinti zao wanateleza, na akina dada wanaoteleza wenyewe, watuandikie walichojifunza kuhusu maduka ya miji yao na mafundi wanaoaminika. Msimu unakaribia, na skii za mwaka jana huanza kushushwa bei kabla theluji haijaanguka.